Dodoma mpaka Magugu, na Kondoa tunalala

Mhariri na wasomaji wenzangu, habari za wiki. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: likizo hii ya mwezi wa sita, wenye watoto wadogo mnasafiri nao vipi safari ndefu ya gari, na je ni kweli bora kutembea usiku ili watoto walale? Mimi naishi Dodoma, Ipagala, tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la pili, wa kati chekechea, kitinda mimba anakaribia miaka miwili, na likizo ya mwezi wa sita kwetu ni kwenda kwa mama mkwe Magugu, kule mbele ya Babati. Jibu langu naliweka hapa juu kabisa ili asiye na muda aishie hapa: safirini mchana, na safari ikateni katikati mlale njiani, hata kama wakubwa wanaona ni fupi.

Najua mtu wa Dodoma akisoma hapo anashangaa. Kutoka hapa mpaka Babati ni kilomita 251, lami tupu, tangu Hayati Rais Magufuli aizindue Aprili 2018 mtu anatoka hapa asubuhi na mchana yuko Babati anakula, sasa nyie mnalala Kondoa mnafanya nini? Mashemeji zangu waliuliza hivohivo, wakasema hela ya gesti si bora tungemnunulia bibi sukari. Lakini hayo masaa manne ni ya mtu mzima aliyekaa kimya. Mtoto wa miaka miwili akifungwa kwenye kiti masaa manne anachoka yeye, anawachosha wenzake, mnaanza kugombana ndani ya gari, na mkifika kwa bibi mtoto analia hataki hata kusalimia, bibi wa watu alishaandaa kila kitu anabaki anamuangalia tu. Ukigawa safari mara mbili, kila siku inakuwa masaa machache ya kwenye gari na yanayobaki ni ya kwao kukimbia. Gesti ya kawaida Kondoa haimfilisi mtu, na sisi tunaiweka kwenye bajeti kama tunavyoweka mafuta.

Sasa hii habari ya usiku. Hoja yake naielewa, jua hakuna, watoto wamelala, haulizi mtu "tumefika?" kila dakika. Lakini watoto wamelala, mama naye kalala, nani anaongea na dereva? Na dereva mwenyewe ni baba watoto ambaye kashinda kazini mchana kutwa ndo saa tatu usiku anashika usukani. Alafu barabara yetu hii, kuanzia Mayamaya kwenda Haneti mpaka uikaribie Kondoa, ina mifugo, na punda hajui kama ni usiku. Mkokoteni hauna taa, pikipiki nyingine taa ya nyuma hamna, lori likiharibika linaachwa palepale na dereva wake anavunja matawi ya miti anayapanga barabarani nyuma yake ndo iwe alama. Mchana yale matawi unayaona kutoka mbali unapunguza mwendo taratibu, usiku unayaona ukiwa umeshayafikia. Kwa kweli mimi na wanangu watatu humo ndani sikubali, na wazazi wanaofanya hivo nawaomba wafikirie tena.

Sisi tunaondoka saa moja asubuhi, watoto wameshaamka vizuri na wamekunywa uji. Mwezi wa sita Dodoma asubuhi kuna baridi na upepo, kwaiyo wanavaa masweta na soksi tunavua mmoja mmoja kadiri jua linavyopanda. Ikiwa ni Jumamosi tunawahi zaidi maana Msalato kuna mnada, ng'ombe na magari vinajaa pale mpaka unakaa. Upande wa jua nafunga kanga dirishani, naibana na kioo juu, inatosha, na ikifika zamu ya jua kuhamia upande wa pili kanga nayo inahama. Kitinda mimba ana kiti chake cha mtoto, ni cha mtumba lakini mikanda yake mizima, wakubwa wanafunga mkanda nyuma na milango ya nyuma tumeweka loki ya watoto. Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu naona sana watu wanapakata mtoto kiti cha mbele: gari ikifunga breki ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika, hata uwe na nguvu vipi, anakuponyoka. Na trafiki wenye tochi wapo, vijijini mwisho ni 50, sisi tunaifuata hiyo 50 bila kinyongo kwa sababu watoto wa wenzetu ndo wanavuka pale kwenda kuchota maji.

Kutapika. Wengi mnauliza hili kwa siri kama vile ni aibu, jamani watoto wengi wanatapika kwenye gari na ni kawaida, macho yanaangalia kitu kilichotulia ndani ya gari huku masikio yanahisi mwendo, ubongo unachanganyikiwa. Ndo maana simu kwenye gari inayotembea kwetu hapana, sio kwamba nina ubaya na katuni, ila wa kati akiangalia simu kidogo tu anaanza kumeza mate na mimi najua kinachofuata. Katuni ni za gesti jioni. Kwenye gari anakaa katikati aone mbele, anakula mkate mkavu na ndizi, maziwa na chapati za mafuta zinasubiri mpaka tushuke. Zamani mama zetu walikuwa na rambo mkononi, sasa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwezi wa sita 2019, mimi nabeba kindoo kidogo chenye mfuniko, nimekiwekea maji kidogo chini, akimaliza nafunga, tukisimama nakisuuza. Hakivuji wala hakinuki. Pamoja na hicho chini ya kiti changu kuna begi moja la karibu, sio lile la kwenye buti: pampasi, waipsi, nguo za kubadilisha za kila mtoto, dawa ya homa ya maji, kipimajoto na ORS. Ukiweka vitu hivo kwenye buti chini ya gunia la zawadi za bibi ni sawa na umeviacha nyumbani.

Kuchimba dawa ni kila baada ya saa moja na nusu hivi, hata kama hakuna aliyeomba. Tunatafuta sehemu iliyonyooka ambayo gari inaonekana kutoka pande zote, tunatoka nje ya lami kabisa, watoto wanashukia upande wa porini na sio upande wa barabara. Wakishamaliza tunawaacha wakimbie kidogo kwenye mibuyu. Upande wetu huu mibuyu ndo yenyewe, mingine minene mpaka wanangu wote na baba yao wakishikana mikono hawaizunguki, na kule chini wanaokota mabuyu yaliyoanguka wanayatikisa wasikie mbegu. Dakika hizo mtu asiseme zimepotea, ndo zinazokupa saa nyingine nzima ya utulivu kwenye gari.

Na ndani ya gari tunafanya nini? Vitendawili. Nilidhani watoto wa siku hizi hawatavipenda, wamevipenda kuliko kitu chochote. Naanza mimi, "Kitendawili!" wanapiga kelele "Tega!" natega, "Kuku wangu katagia mwibani." Wanafikiria, wanabishana, mkubwa anasema ndege, wa kati anasema kuku mwenyewe, wakishindwa nawaambia nipeni mji. Hapo ndo utamu wenyewe ulipo, maana mji wanautoa kwenye vibao vya barabarani! Mkubwa ndo kwanza kajua kusoma vizuri, amekaa dirishani anasubiri kibao kama kipa anayesubiri penalti, akikiona anasema "Nenda Haneti!" Basi nami natakiwa nieleze, nilienda Haneti, watu wa Haneti wakanikaribisha vizuri, wakanipa maziwa na mlenda, nikala nikashiba, nikalala kwao, na jibu lenyewe ni nanasi. Wanacheka na wanataka tena. Kuna saa walinipeleka Kondoa, wakanirudisha Makutupora, wakanipeleka Bereko ambako hata hatujafika, na kitinda mimba ambaye vitendawili hajui bado naye akiona wenzake wanatoa mji anapiga kelele "Bibi!" kwaiyo nami naenda kwa Bibi, naeleza Bibi alinipa nini. Bila kuambiwa, mtoto anafika Kondoa anajua majina ya vijiji vyote vya njiani kwa mpangilio wake. Usiku angeyajua saa ngapi?

Kondoa tunafika mchana bado kweupe. Mnakula, mnaoga maji ya moto maana baridi ipo, jioni mnatembea tu mjini. Kuna mzee mmoja hapo gesti alikaa na watoto nje akawaonyesha makorongo mekundu ya mbali, akawaeleza kwamba ardhi ya huku ilimomonyoka vibaya sana, ndo serikali ikaleta mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika ili majani na miti viote tena. Mwanangu akauliza, ng'ombe walienda wapi? Mzee akasema walihamishwa, na wenye ng'ombe walilia. Ni historia ya hapahapa kwetu na sijawahi kuiona kwenye daftari la mtoto.

Asubuhi yake ndo tunaenda Kolo, na hii peke yake inalipa gesti. Kolo iko barabarani kabisa, ukitoka Kondoa unaelekea Babati, kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipa kiingilio na unapewa mtu wa kuwatembeza. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na mapango yenye michoro yanapita 150, lakini na watoto usijaribu kuona mengi, chagua eneo moja. Sisi tulikwenda Mongomi wa Kolo. Njia ya kutoka kijijini mpaka chini ya mlima ni mbovu, gari ya chini itagusa, ulizeni pale ofisini kwanza, alafu kuna kupanda kwa miguu, kitinda mimba nilimbeba kwa mbeleko na mkubwa alipanda mwenyewe akitangulia na mtembezaji.

Juu pale kwenye jiwe kuna watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu wembamba, vichwa vikubwa kama wamefuga nywele, na kuna wanyama, na mahali pengine rangi nyeupe iliyokuja baadaye juu ya ile nyekundu. Mtembezaji akawaambia watoto hapa hatugusi, hata kwa kidole kimoja, mafuta ya mkono yanaharibu. Wa kati akaweka mikono yake nyuma, akaishika yenyewe kwa yenyewe, akakaa hivo muda wote. Alafu akauliza, aliyechora yuko wapi? Akaambiwa ni wawindaji wa zamani sana, na kwamba Wasandawe wanaoishi upande huu wanahusishwa na watu hao, na mpaka leo wenyeji wanakuja kufanya matambiko kwenye mwamba huo, kwaiyo tuongee taratibu. Akanong'ona, "Alikuwa na ngazi?" Hakuna aliyemjibu haraka, hata mtembezaji alikaa akaangalia juu kwanza. Swali zuri kabisa. Mtoto wa chekechea aliyelala vizuri usiku na aliyekula asubuhi ndo anaweza kuuliza swali kama hilo, yule aliyepita Kolo saa saba za usiku amelala kwenye paja la mama yake hata hajui kama kuna Kolo.

Kutoka hapo kwenda Babati ni milima na kona nyingi kupita Bereko na Bonga, punguzeni mwendo, kindoo kiwe karibu. Babati tunasimama ziwani, viboko wapo na tunawaangalia kutoka mbali tukiwa juu pakavu, kwenye mtumbwi sipandishi mtoto hata nipewe bure. Mama mkwe anapiga simu, mmefika wapi mwanangu, namwambia Babati mama, anasema basi naweka wali, na mchele wa Magugu ukiiva harufu unaipata kabla hujashuka kwenye gari. Watoto wanashuka wanakimbia, shikamoo bibi, na mkubwa anaanza kumtegea bibi vitendawili hapohapo mlangoni. Bibi anavijua vyote, na anavyo vingine ambavyo mimi sijawahi kuvisikia.

Kwa mnaoelekea kusini, Dodoma mpaka Iringa nako naona kunafaa hivohivo, mnapita Mtera juu ya bwawa, watoto waonyesheni maji upande mmoja na ukuta upande wa pili, mnaenda mbele mnakula perege wa kukaanga, pale umeme unatoka megawati 80 na mtoto anayeuliza taa inatoka wapi hapo ana jibu la kuona kwa macho. Iringa mkilala, kesho yake Isimila iko karibu na mji, ile minara ya udongo watoto wataifurahia.

Na yule mliyesema ameuliza aanze kusafiri na mtoto akiwa na umri gani, mimi wa mwisho nilimpeleka kwa bibi yake akiwa ananyonya, kiti chake kimeangalia nyuma, tukisimama kila akilia. Ilituchukua mda mrefu na hatukuwa na haraka.