Usisaini hiyo karatasi kesho

Dada mleta uzi, salamu baadaye. Umeandika kwamba kesho una kikao shuleni kuhusu mpango wa elimu binafsi wa mwanao, yaani ile karatasi ya msaada maalumu atakaopewa yeye peke yake shuleni, na mwalimu kakwambia "saini tu ili aanze, mengine tutajaza mbele ya safari". Umeuliza kama usaini, kama utafute tathmini ya nje (mtoto apimwe na mtaalamu asiye wa shule), na namna ya kumweleza mtoto kwa nini atakuwa anatolewa darasani. Naanza na hilo la kwanza kwa sababu limenipandisha presha: USISAINI.

Mimi nilisaini. Na kalamu niliazima kwao, fikiria.

Wangu alichelewa kuongea. Kikaoni tulikuwa watu sita, watano wa shule na mimi. Mratibu wao wa elimu maalumu alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto usingizini. Akaniambia mtoto ataonana na mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Nikafurahi hadi nikasahau kusoma. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Basi nyoka mwenyewe ndiyo mimi, nilitoka hadi mkia.

Kwenye karatasi, mahali pa huduma, paliandikwa hivi: "atapatiwa msaada wa matamshi kadiri itakavyohitajika." Kadiri itakavyohitajika! Maneno mawili tu, yamenila mwaka mzima. Nilipoyaona (maana niliyaona, sijifichi) nikauliza mbona zile mara mbili kwa wiki hazipo. Akacheka kidogo: "Mzazi, hiyo ni lugha ya fomu tu, sisi tunaelewana." Na mimi nikacheka! Sikutaka kuonekana mzazi mkorofi.

Daftari la mtoto ndilo lililonifumbua macho. Alikuwa na daftari maalumu la mazoezi ya matamshi, nikalifungua muhula wa mwisho nikiwa natafuta ukurasa wa kumwandikia orodha ya vitu vya shule. Kurasa tano tu zilikuwa zimetumika. Ya sita ina tarehe juu, chini yake peupe. Mwaka mzima, kurasa tano.

Nikaenda shule nikiwa nafuka moshi. Yule mratibu alishahama. Aliyekuja baada yake akatoa faili, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hizo mara mbili kwa wiki zimeandikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Hakunidanganya, karatasi ilikuwa inasema ukweli wake. Yule wa kwanza ndiye siwezi kumsamehe, kwa sababu alijua tofauti ya kusema na kuandika, na alijua kwamba mimi siijui. Mwaka huo ndio mwanangu alitakiwa kujifunza kuomba maji kwa sentensi. Badala yake alijifunza kunyoosha kidole na kunyamaza, na tabia hiyo kuiondoa ilichukua muda mrefu kuliko kuchelewa kwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: huduma isiyo na idadi, dakika, mtoaji na tarehe ya kuanza haipo kwenye mpango, hata kama watu watano wameitamka mbele yako. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani, ile iliyotokana na sheria ya mwaka 1975, inataka mpango utaje huduma itaanza lini, itatolewa mara ngapi, wapi na kwa muda gani. Hata kama huko uliko haikuhusu, yaibe hayo maswali uende nayo kikaoni. Na ukiambiwa unadai makubwa, Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inazungumzia msaada unaomlenga mwanafunzi mmoja mmoja. Hujaomba fadhila.

Malengo nayo yaangalie hivyo hivyo. "Ataboresha mawasiliano" hata kasuku anaboresha. Liwe lengo la kuhesabika: ataomba kitu kwa sentensi ya maneno matatu, mara 4 kati ya 5, bila kukumbushwa, kufikia mwisho wa muhula. Tena waandike nani atahesabu.

Wakikusukumia karatasi kesho, uliza saini ni ya nini. Saini ya kuonyesha ulihudhuria ni kitu kimoja, saini ya kukubali mpango ni kingine, na wakati mwingine zinakaa ukurasa mmoja zikifanana kama mapacha. Ya mahudhurio weka. Ya pili waambie unaenda nayo nyumbani ukaisome, utawarudishia siku fulani, uitaje siku yenyewe ili wasiseme unamchelewesha mtoto. Ukifika nyumbani, usiku huo huo waandikie: "Nilivyoelewa leo, mtoto atapata kadha wa kadha, kama nimekosea naomba mnisahihishe kwa maandishi." Wakinyamaza, unayo barua yenye tarehe. Mimi nilikuwa na kumbukumbu ya mtu aliyecheka vizuri.

Tathmini ya nje, kama unaimudu, fanya, na ripoti yake iingizwe kwenye faili.

Kikao ni saa ngapi? Kama hiyo rasimu unayo tayari, ipige picha, ziba jina la mtoto na la shule, uiweke hapa hapa. Niko macho. Nataka kuona kama lile "kadiri" limo.