Kwa dada wa Kibirizi: msalaba upi, na kipigo ni nini

Pole sana, dada yangu. Unasema tangu ubatizwe mwaka jana shemeji zako wamekususia, wamekunyang'anya nafasi yako kwenye chanja za kuanikia dagaa, na mume amekupiga mara mbili kwa kukataa tambiko la ukoo. Mzee wa kanisa anasema vumilia, huo ndio msalaba.

Nusu yuko sahihi. Petro aliwaambia walioteswa kwa kuwa Wakristo wasione haya (1 Petro 4:16). Kwa hiyo la chanja libebe. Anika mchangani kwa sasa; najua dagaa wenye mchanga bei yao inauma, lakini ni hasara ya mfukoni. Ukipishana na shemeji njiani, msalimie kama zamani, hata asipoitikia.

Kipigo ni habari nyingine kabisa. Paulo alichapwa bakora Filipi, ndiyo, lakini Dameski alishushwa ukutani usiku ndani ya kapu akatoroka. Na Yerusalemu, askari walipokwisha kumfunga ili wampige mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi kama yeye bila hukumu (Matendo 22:25). Alitumia sheria, na imani haikumpungua hata chembe.

Nenda dawati la jinsia pale polisi, na kama una jeraha omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe. Mzee huyo mwombe akusindikize; akisita, mwite mama mchungaji. Mshenga wenu naye ajue. Na mume akirudi na hasira usiku, chukua watoto mkalale kwa jirani.