Krismasi ya ukweni inanimaliza, mwaka huu nibaki Dar?

"Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, kwetu Njombe ila nimeolewa Machame, wote Walutheri. Ikifika Desemba lazima twende Moshi, hilo halina mjadala, toka niolewe sijawahi kula Krismasi kwetu. Nikifika tu naingia jikoni mimi na mawifi wawili, tunapikia watu zaidi ya 40. Mwaka jana asubuhi ya tarehe 25 kengele ya kanisa inalia mimi nipo bombani naosha utumbo, watu wanapita njia ya migombani wamependeza, na wanangu wamo. Jioni yule wa darasa la tano ananiuliza, mama kwani wewe huwa husali Krismasi? Nililia. Mume wangu akitoka kanisani anakutana na wenzake aliosoma nao, namuona tena usiku. Tulirudi Dar tumenuniana toka Same mpaka Chalinze, Januari tukaanza kukopa ada. Sasa mwaka huu nataka aende na watoto mimi nibaki nitulie nisali. Je ni dhambi? Halafu wifi kaweka kwenye grupu la familia kila mke achangie sare ya kitenge, hapo nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwakweli.

Dhambi sio, mtu asikutishe na hilo. Ila kubaki Tabata peke yako sioni kama kutakupa hicho unachokitafuta. Utasali vizuri tarehe 25, saa saba mchana umerudi unajipakulia wali, unafungua wasapu unakuta picha za watoto wako na bibi yao, mumeo unampigia hapokei maana yupo na wale wenzake, stresi inaanza upya. Na ukweni utakuwa umewaachia stori ya mwaka mzima. Mimi naona tatizo lako sio Moshi. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba nzima hakuna aliyekumbuka kwamba na wewe ni mkristo unayetakiwa kuwa kanisani siku hiyo, mpaka mtoto kaona kabla ya baba yake.

Si unajua watu wanavyowatania Wachaga kwamba Desemba wanaenda kuhesabiwa? Haya fungua Luka 2. Krismasi ya kwanza yenyewe ilikuwa safari ya kuhesabiwa, Yusufu anaenda mji wa ukoo wake, ukoo wa Daudi, kaondoka na Mariamu mjamzito mpaka Bethlehemu, nyumba ya wageni imejaa, mtoto analazwa horini. Utulivu gani ulikuwepo pale? Kwahiyo hilo wazo la kwamba Mungu utampata mpaka ndugu wawe mbali mimi silikubali, japo naelewa limetoka wapi. Lakini pia Luka hajaandika popote kwamba Mariamu aliamka asubuhi kuosha utumbo wa watu 40.

Na akitokea mtu akakutolea mfano wa Martha, yule aliyekuwa anahangaika na kazi wakati ndugu yake amekaa anamsikiliza Yesu, maana lazima atokee na mara nyingi ni mtu ambaye chakula akiletewa anakula, mwambie Yesu hakumfukuza Martha jikoni. Alimwambia unasumbuka kwa ajili ya vitu vingi. Vipunguzwe basi.

Ongea na mumeo, na usisubiri tarehe 20 anapakia mizigo kwenye gari, ongea sasa hivi Majilio hayajaanza. Hizo Jumapili nne kanisa limetuwekea za kujiandaa na sisi tunazimalizia Kariakoo, lakini hayo tuyaache. Usianze na "ndugu zako", ukishasema hivyo umeisha, atasimama na mama yake. Mwambie lile swali la mtoto kama lilivyo, usiongeze chumvi. Halafu omba kitu kimoja ambacho hakina mjadala, Krismasi hii tunaingia kanisani wote wanne tunakaa benchi moja. Mengine yote mnaweza kujadiliana.

Na inawezekana hata kwenye nyumba iliyojaa. Mtori upikwe usiku wa 24, asubuhi unapashwa tu. Mbuzi achinjwe baada ya ibada, maana akichinjwa saa kumi na mbili asubuhi basi jua kuna mwanamke hatasikia wimbo hata mmoja siku hiyo. Utumbo waoshe vijana wa kiume, mikono wanayo. Kama usharika una ibada jioni ya mkesha, mpeane zamu, wengine jioni wengine asubuhi. Hili la zamu usilipeleke kwenye grupu, mpigie mama mkwe mwenyewe, msalimie vizuri, halafu muulize, mama wewe mara ya mwisho siku ya Krismasi ulikaa kanisani mpaka baraka ilikuwa lini? Nahisi jibu litakushangaza, maana hayo mafiga unayoyakimbia yeye kayainamia miaka yote kabla yako na sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Siku za kukaa nazo zijadiliwe. Nani kasema lazima mle mwaka mpya kule kule? Krismasi kikanisa inaenda mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Fikeni 23 muondoke 27, siku zinazobaki mkae Tabata nyie wanne simu zimewekwa pembeni, huo utulivu unaoutaka utaupata hapo, tena pamoja na mumeo. Na hela, ada itolewe kwanza iwekwe kando, kinachobaki ndo cha Moshi. Desemba Kilimanjaro kila ukigeuka kuna turubai, harusi ya huyu, kipaimara cha yule, kikao cha ukoo, hamuwezi kuingia zote na kila mahali mna bahasha.

Kuhusu hao wenzake, simwambii aachane nao, watu hawajaonana mwaka mzima jamani. Tarehe 26 nayo ni sikukuu, awape hiyo. Ila 25 mchana awe na watoto wake, awatembeze kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, awaonyeshe kaburi la babu yao, awaeleze alikuwa mtu wa namna gani, vitu ambavyo wewe wa Njombe huwezi kuwaeleza. Ana shida na hilo, msomee 1 Petro 3:7, wanaume wanaambiwa wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Hapo kwenye kuomba kuzuiliwa wengi huwa wanaparuka. Na barabarani mna zaidi ya saa nane ndani ya gari, huyo wa la tano asome Luka 2 kwa sauti mkiwa mnaitafuta Korogwe, yeye ndo aliyeuliza swali bwana.

Sasa Njombe. Umesema toka uolewe hujawahi kula Krismasi kwenu, halafu hapo hapo ukaruka ukaenda kwenye mambo mengine, na mimi naona penye uzito ni hapo. Mama yako anapata muamala wa simu na meseji ya heri ya Krismasi, basi? Machame nendeni mwaka huu, mwakani iwe Njombe. Ni mbali, karibu kilomita 700, ila Moshi nako ni kama 550 na kila mwaka mnaenda bila mtu kulalamika. Sharti langu moja, taarifa hiyo baba mkwe aambiwe na mwanae mwenyewe, wewe ukikaa kimya pembeni, maana ikitoka mdomoni kwako itakuwa bibi harusi wa Njombe kamteka kijana wetu. Watoto wako ni Wabena pia, waende wakale viazi na matope ya Desemba yawafike magotini.

Sare ya kitenge changia. Inakera najua, lakini hiyo vita ni ndogo, tunza nguvu kwa ajili ya ile ya mbuzi. Muulize tu wifi kitambaa kinanunuliwa duka gani ukachukue chako mwenyewe, na fundi mpelekee mapema, wakishajaa wateja wa sikukuu utaambiwa njoo kesho mpaka mwaka mpya.