Mwambie mumeo leo, kabla zamu yake haijampita

Hujambo shangazi? Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Umoja, na nina miaka tisa katika ndoa. Mume wangu anauza vipuri vya magari barabara ya Kirinyaga. Hanipigi, hanywi kupita kiasi, kodi ya nyumba na karo analipa. Lakini ana wazimu wa mchezo wa puli, ule wa kugonga mipira mezani kwa fimbo. Mwaka 2019 alimwagiza fundi mmoja wa Marekani amtengenezee fimbo yake mwenyewe ya kuchezea. Bei yake ni dola 1,500. Akatanguliza dola 300, akaambiwa asubiri zamu yake, huenda ikachukua miaka sita. Miaka sita, shangazi! Mtoto wetu wa pili hata hakuwa amezaliwa.

Tangu siku hiyo habari ni mbao tu. Mara kishikio kiwe cha mti gani, mara uzi wa kukizungushia uwe wa rangi gani. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kule Wamunyu, kwa hivyo naona ni ugonjwa wa ukoo. Nilianza kumcheka mbele ya wageni, nikimwita bwana harusi wa fimbo. Sasa haniambii kitu, anatazama picha zake peke yake. Kila Alhamisi na Jumapili jioni yuko kwenye puli hadi saa nne.

Juzi fundi amemwandikia kwamba zamu yake imefika. Anataka kulipa dola 1,200 zilizobaki, na anasema amekuwa akiziweka kidogo kidogo. Shangazi, hizo ni zaidi ya shilingi 150,000! Nasi tuna ploti Joska tuliyonunua mwaka 2016 kupitia kampuni niliyoipata mimi. Hadi leo hatujapewa hatimiliki wala hatujaweka jiwe hata moja. Pesa hizo zingeanza msingi.

Kuna jambo lingine dogo. Usiku mmoja alipolala nilichukua simu yake, nikamwandikia fundi kwa jina lake kwamba hataki fimbo tena, arudishiwe pesa. Fundi akajibu kwamba pesa zilizotangulizwa hazirudishwi, ila asiposikia neno lingine hadi mwisho wa mwezi atamwondoa kwenye orodha. Nilifuta ujumbe huo. Mume wangu hajui. Je, nifanyeje aelewe kwamba familia ni muhimu kuliko fimbo? Na mwanamume wa aina hii ananipenda kweli?

Aliyechoka, Umoja

Mwanangu, pole. Kulea watoto wawili Nairobi huku unahesabu kila shilingi kunachosha, na sitakudharau kwa kuchoka.

Sasa tuambiane ukweli. Umeniandikia barua ndefu kuhusu fimbo, kisha mwishoni ukanitupia "jambo lingine dogo". Hilo dogo ndilo barua yenyewe. Mtu mzima amelala kitandani kwake, mkewe yuko kando yake. Mkewe anachukua simu yake, anaandika kwa jina lake, anafuta agizo alilolingoja miaka sita, halafu anaficha jibu lisionekane. Kama ningesimuliwa haya na jirani yako, ningeuliza mume huyo alifanya kosa gani kubwa hata akastahili kutendewa hivyo. Wewe mwenyewe umeshindwa kunitajia kosa hilo. Hakupigi, si mlevi, kodi analipa, karo analipa. Umeyapitia mambo hayo mbio mbio ili ufike kwenye fimbo. Mimi nimesimama hapo hapo, kwa sababu meza yangu imejaa barua za wanawake wanaoomba hata moja tu kati ya hayo manne.

Nimemtafuta mkosaji unayemlalamikia, simuoni. Mumeo alikuambia wazi anaagiza nini, kwa bei gani na atangoja muda gani. Hukuokota risiti mfukoni mwake. Mwaka 2019 dola ilikuwa karibu shilingi 103, kwa hivyo alitanguliza kama shilingi 31,000, kisha akaanza kuweka akiba ya zilizobaki. Mapema mwaka 2024 dola ikapanda hadi kupita shilingi 160. Hapo wengi wangeingiza mkono kwenye karo au wangekopa kwenye simu. Yeye akaendelea kuweka polepole, na baadaye dola ikashuka hadi karibu 129, naye pesa zake anazo. Katika miaka yote hiyo hujaniambia kwamba kuna siku watoto walilala njaa au walifukuzwa shule kwa sababu ya fimbo. Ingetokea hata mara moja, ungeliandika hilo kwanza.

Unashangaa kwa nini miaka sita. Ulipaswa kumuuliza yeye, angefurahi kukueleza. Lakini kwa kuwa umeniandikia mimi, nimewauliza wachezaji wanaojua. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Fimbo za kwenye baa hutoka kiwandani kwa maelfu. Hii ya mumeo inatoka kwa fundi ambaye mara nyingi hufanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja. Sehemu ya mbele ni mbao ngumu ya mti wa mepo (maple), na haichongwi siku moja ikaisha. Inakerezwa kidogo sana kwenye mashine, halafu inatundikwa miezi kadhaa itulie, kwa sababu mbao ikipunguzwa huweza kupinda. Ikipinda, inatupwa. Isipopinda, inakerezwa tena kidogo, inatundikwa tena. Na fundi hana mbao yako peke yake: mbele yako kuna watu walioagiza kabla yako, kila mmoja na mkono wake na matakwa yake. Mwisho wa yote mtu anapata fimbo ya karibu sentimita 147, yenye uzito wa nusu kilo na ushei uliopangwa kumfaa yeye, na ncha ya ngozi ya milimita 13 hivi, ambayo inatakiwa ibaki imenyooka miaka na miaka, katika ukavu wa Februari na baridi ya Julai ya hapa kwetu.

Kulikuwa na fundi mmoja, George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi New York. Alitengeneza fimbo kuanzia mwaka 1959 hadi alipofariki mwaka 1975, na katika miaka yote hiyo hazikuzidi sana elfu moja. Leo wakusanyaji wanazinunua kwa maelfu ya dola. Simaanishi kwamba fimbo ya mumeo itakuwa hivyo. Nataka ujue tu kwamba fundi mwenye orodha ndefu ya wanaomngoja hajamlaghai mumeo, na kazi ya fundi kama huyo haigeuki takataka siku inapofika nyumbani.

Halafu ukaandika "ugonjwa wa ukoo". Hapo uliniudhi. Unajua Wamunyu ni wapi? Uchongaji wa Ukambani unasimuliwa kuanza na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo Wamunyu, na kutoka hapo familia nyingi zikala na kusomesha watoto kwa mpingo na muhugu. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa. Mumeo alilelewa katika vumbi la mbao hizo. Karo yake yeye ilitoka kwenye vinyago hivyo unavyovidharau, sina shaka. Leo anashinda kutwa katikati ya vyuma na grisi barabara ya Kirinyaga, na jioni anapokuuliza kishikio kiwe cha mti gani, anakuletea habari za baba yake. Wewe ukamcheka mbele ya wageni. Niambie, mwanangu, hatimaye alichagua mti gani? Barua yako ina dola, ina miaka, ina siku za wiki, lakini mti haumo. Nadhani hujui. Akanyamaza, na ukimya wake umeufanya ushahidi kwamba hakupendi.

Sasa njoo tuzungumze kuhusu Joska. Nyani haoni kundule. Wewe ulileta kampuni, mkalipa mwaka 2016, na hadi leo hakuna hatimiliki. Huo ni muda mrefu kuliko wa fimbo. Je, mumeo aliwahi kukuita bibi harusi wa ploti mbele ya wageni? Aliwahi kuchukua simu yako usiku akaiandikia kampuni kwa jina lako? Barua yako haisemi, na kwa hasira uliyonayo ungesema. Amengoja nawe kimya, kitu chako kimoja na chake kimoja, na chake ndicho kimefika.

Tena unataka achukue hizo 150,000 akazimwage kwenye msingi. Nakukataza kabisa. Asiye na hatimiliki hajengi. Watu wangapi wamejenga njia hiyo ya Kangundo kisha tingatinga likaja na mwenye ardhi mwingine? Nenda ofisi ya ardhi ya Machakos na nambari ya ploti, fanya upekuzi rasmi ujue ardhi hiyo imeandikishwa kwa jina la nani. Ukikuta jina si la kampuni iliyowauzia, tafuta wakili, usitafute fundi wa kujenga. Kwa hali ilivyo leo, pesa hizo zina usalama zaidi kwenye fimbo kuliko kwenye msingi huo.

Na nisikilize, maana si wewe peke yako. Ndoa za siku hizi zimejaa watu wanaojua nywila za simu za wenzao na hawajui wenzao wanapenda nini. Mke anajua mumewe amemtumia nani shilingi mia mbili, lakini hajui kinachomfurahisha. Mume anajua mkewe ameingia mtandaoni saa ngapi, lakini hajui kwa nini mama huyo analia kila Desemba. Tunapekua, hatuulizani. Na jingine: mnafikiri mtu akishaoa au kuolewa hana haki tena ya kupenda kitu chochote kilicho nje ya mlango wa nyumba. Mama zetu walikuwa na kwaya zao na ususi wao wa vyondo, baba zetu walikuwa na bao lao chini ya mwembe, na mtu alirudi nyumbani roho imetulia. Ninyi mnataka mtu arudi kutoka kazini aketi mbele yenu akiwa hana hamu ya kitu chochote, kisha mnashangaa akitafuta kamari ya simu usiku wa manane. Mumeo anatoka siku mbili kwa wiki na saa nne anarudi, na unajua aliko. Mke wa mchezaji kamari angekushika mkono akuombe mbadilishane.

Kwa kweli kuna swali moja la haki ambalo hukuliuliza: je, huko kwenye puli wanawekeana dau? Hilo muulize, usoni, na akikujibu ndiyo, hapo mna mazungumzo mazito ya kufanya. Kuna pia gharama ambazo bei ya fundi haikuzitaja. Mzigo kutoka Marekani una nauli yake, na ukifika hapa kuna ushuru na VAT ya asilimia 16. Kubalianeni kwamba nazo zitatoka kwenye akiba yake, zisiguse pesa za chakula. Na ahakikishe fundi hajatia pembe ya ndovu popote, kama walivyokuwa wakifanya wa zamani. Nchi hii iliteketeza tani 105 za pembe mwaka 2016 pale Mbuga ya Nairobi, na hakuna ofisa wa forodha atakayesikiliza kwamba ni kipande kidogo cha mapambo.

Lakini huna haki ya kuuliza lolote kati ya hayo kabla hujasema ulichofanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hili litafichuka tu: fundi atamwandikia tena, au mumeo atamwandikia fundi kumuuliza alipe kwa njia gani. Akigundua mwenyewe, hutakuwa na mume wa kumweleza kuhusu familia.

Mwambie leo watoto wakilala. Usithubutu kumwandikia fundi tena kwa jina la mumeo ukidhani unarekebisha, hilo litakuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Mpe simu yake mkononi, umwambie: nilichukua simu yako, niliandika hivi, fundi akajibu hivi, nikafuta, na nimekosa. Usitie "lakini". Usitaje Joska. Usiseme ulifanya kwa ajili ya watoto. Akinyamaza, vumilia kimya chake. Akitoka nje, mwache atoke, usimfuate ngazini ukilia majirani wasikie.

Saa tatu usiku ya kwetu, Marekani bado ni mchana, kwa hivyo anaweza kumwandikia fundi usiku huo huo, kwa mkono wake mwenyewe. Na kama jina limeshaondolewa, zile dola 300 ni deni lako. Zilipe kutoka kwenye chama chako, si kwenye pesa za matumizi, na uamuzi wa kuanza kungoja upya mwachie yeye.