Jibu: "Akiuawa mwanasiasa, ujue ana alilofanya"

Ndugu yangu, maneno yako haya nimeyasikia sana barazani hapa Lamu, na yananiuma. Mzee Abeid Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi Aprili 7, 1972, pale Kisiwandui, Unguja, akicheza bao. Bao hili hili tunalocheza sisi baada ya alasiri. Waliomchukia wakaita kisasi cha waliofia kizuizini, serikali ikaita uhaini na kufungua kesi. Kila upande ulitafuta jina la kuuwezesha kulala usingizi.

Na huku kwetu Kenya? Pio Gama Pinto, mbunge na mpigania uhuru, 1965, aliuawa ndani ya gari lake nje ya nyumba yake, binti yake mdogo akiwa humo humo. Huyo mtoto alikuwa na kosa gani? Robert Ouko naye, waziri wa mambo ya nje, 1990, tukaambiwa kwanza kwamba alijiua, na mwili umechomwa!

Karume alitesa watu, silifichi hilo. Lakini dhuluma ya mtu ina mahakama yake. Ukishasema "alijitakia", umeacha kuuliza nani alimtuma muuaji, na hilo ndilo swali analoliogopa aliyetuma.