Usinakili springi kwa macho: tela langu la kwanza lilipasuka mbele ya watu

Juzi kijana mmoja wa Mafinga alinitumia ujumbe. Alikuwa ameona picha ya tela langu dogo la mfano, akaandika: "Shikamoo fundi. Naomba vipimo vya springi za lile tela, na mimi natengeneza la kubebea magogo." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima. Nikaona bora niuweke hapa, kwa sababu hicho anachoniomba ndicho kilichoniaibisha mwaka jana, na sitaki kimkute yeye wala mwingine yeyote mwenye ndoto kama yetu.

Karakana yangu iko Mbalizi, kando ya barabara kuu ya Tunduma. Alfajiri mpaka usiku malori yanapita, yanayokwenda Zambia na Kongo yakiwa na mafuta na mbolea, na yanayorudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kinachonilisha ni mageti na madirisha. Lakini moyo wangu uko kwenye matela tangu utoto. Nikisikia lori linapunguza mwendo kwenye tuta natoka nje kutazama springi zinavyolala na kuinuka, na mke wangu alishazoea.

Bosi mmoja wa malori alijua hilo, akaniagiza tela la mfano la kuweka ofisini kwake, uwiano wa moja kwa kumi, la chuma kitupu, na springi zinazofanya kazi. Sikulala usiku ule kwa furaha.

Urefu haukunisumbua. Tela la mita 12.5 linakuwa sentimita 125. Upana wa mita 2.5 unakuwa sentimita 25. Ekseli, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, zinazoachana mita 1.31 zinakuwa na nafasi ya sentimita 13 na kidogo. Nikaomba ruhusa kwa dereva aliyeegesha jirani, nikatandika kadibodi, nikaingia chini na venia, kile kifaa cha kupimia unene. Springi yake ilikuwa na pleti kumi, yaani vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, upana milimita 90, unene milimita 13. Nikagawa kwa kumi. Springi sita, kila moja pleti kumi, jumla pleti sitini za milimita 9 kwa milimita 1.3. Nilizikata na kuzipiga tupa moja moja kwenye jiliwa, usiku, baada ya kazi za wateja, katika ule ubaridi wa mwezi wa saba ambao wenyeji wa Mbeya mnaujua. Zilipendeza. Mpaka leo nasema zilipendeza.

Siku ya kukabidhi, madereva wake walikusanyika uani. Tukapakia mfuko wa sembe wa kilo 25 na mchele wa Kyela kilo 5. Kijana wangu akavuta taratibu kuelekea kwenye kipande cha ubao tulichokilaza kama tuta. Ekseli ya mbele ikapanda juu ya ubao, na mbili za nyuma zikabaki zinaning'inia hewani. Uzito wote ukakaa juu ya ekseli moja. Nikasikia mlio mkavu, hanga la kushoto, kile chuma kinachoshika springi chini ya tela, likang'oka kwenye weldi, tela likalala ubavu, sembe ikamwagika kwenye vumbi.

Bosi aliangalia, akasema, "Nilikuagiza tela, umeniletea toi la mtoto." Madereva wakacheka. Nilizoa ule unga kwa mikono yangu mwenyewe, nikabeba chuma changu kwenye bajaji, nikaenda zangu. Najua hakuwa na wajibu wa kunibembeleza, pesa ilikuwa yake. Lakini neno lile bado liko kifuani, na ninapoliandika hapa linachoma vilevile.

Nilikaa wiki tatu bila kuligusa. Nilipolifungua nikakuta makosa mawili, yote yangu.

La kwanza ni hilo la springi. Ukigawa urefu kwa kumi, uzito haugawanyiki kwa kumi. Tela lina urefu, upana na kimo, na vyote vitatu umevigawa, kwa hiyo uzito umegawanyika kwa kumi mara kumi mara kumi, yaani elfu moja. Tani 30 za mzigo zinakuwa kilo 30. Springi nayo, ukiipunguza kila kipimo kwa kumi, ugumu wake unashuka kwa kumi tu. Maana yake umetengeneza springi iliyo ngumu mara kumi kuliko inavyotakiwa. Kwenye tela kubwa, springi kama ile ikibeba tani 4 inalala kama sentimita tatu na nusu. Ya kwangu ilipaswa kulala milimita tatu na nusu. Ilikuwa inalala kama unene wa karatasi nne za daftari. Pleti zangu sitini zilikuwa pambo. Nilikuwa nimefunga ekseli kwenye jiwe.

La pili linanihuzunisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nalijua. Katikati ya springi mbili zinazofuatana kuna kipande cha chuma kinachobembea kwenye pini. Springi ya mbele ikisukumwa juu, kinainama na kuigawia ya nyuma mzigo. Hicho ndicho kinachofanya ekseli tatu zikanyage kwa uzito ulio sawa hata barabara ikiwa na mashimo. Mimi nilikipiga weldi. Pini ilikuwa inalegea, tarehe ya kukabidhi imefika, nikajiambia hakuna atakayeona. Kwa hiyo ndugu yangu, usifiche kitu kwenye chuma. Mzigo utakionyesha.

Sasa nilivyorekebisha. Sikuanza tena na springi, nilianza na mizani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli tatu za tela, zenye matairi mawili mawili kila upande, kubeba tani 24 kwa pamoja; uzito unaobaki hubebwa na kichwa cha lori. Kwenye uwiano wetu ni kilo 24. Kila ekseli kilo 8, kila springi kilo 4. Hapo ndipo nilipopata namba ya kufanyia kazi: nataka springi inayolala milimita tatu na nusu hadi nne ikibeba kilo 4.

Siri iko kwenye unene. Ukipunguza unene wa pleti kwa nusu, ugumu wake haushuki kwa nusu, unashuka mara nane. Nikatafuta chuma chembamba chenye asili ya springi, na nikakipata kwenye barabara yetu wenyewe: ile mikanda ya chuma inayofungia marobota ya shaba. Vipande vyake vinapatikana kwa wauza chuma chakavu. Wangu ulikuwa na unene wa milimita 0.8. Nikaukata upana wa milimita 9 kwa mkasi wa bati, nikaukunja taratibu juu ya bomba kupata ule upinde, bila moto, maana ukiupasha mpaka uwe mwekundu unaua nguvu yake. Nikaweka pleti nne. Nikaning'iniza chupa za maji zenye lita nne jumla, nikaweka venia, nikasoma milimita 4 kasoro. Nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jambo jingine hapohapo: usifunge ncha zote mbili za springi kwa bolti. Ikilala inarefuka, kwa hiyo ncha moja iache iteleze ndani ya hanga, na ekseli ishikwe na mkono wake wa chuma unaoanzia kwenye hanga la mbele ili isirudi nyuma. Kile kinachobembea nikakitilia bushi ya shaba njano na pini ya milimita 5, na hakuna weldi iliyokaribia. Kwenye magurudumu nilitumia beringi namba 608, zile za tundu la milimita 8, ni bei nafuu na hazisumbui.

Chesisi, yaani fremu ya tela, sitaieleza kwa kirefu. Bati la milimita 1.5 linatoboka ukilichoma kama geti. Tumia welding rodi ya milimita 2, punguza moto, libane kwenye sahani nene ya chuma, piga nukta moja huku na nyingine upande wa pili mpaka umalize. Changu cha kwanza kilijikunja kama ndizi kwa kuwa nilichoma upande mmoja mfululizo. Na chesisi iwe na mbinuko mdogo kwenda juu katikati. Simama kwenye foleni ya malori kwenye mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, utazame matela matupu kwa ubavu, utauona. Rangi na taa kila mtu anajua.

Wadogo zangu, naomba mnisikilize. Naona picha nyingi mnazoweka, matela yanang'aa, springi zina pleti nane, na hakuna hata mmoja anayeonyesha tela likiwa na mzigo. Pimeni. Kabla ya kukata pimeni, mkishakata pimeni tena, na mzigo uwe wa kilo mlizozipima, sio tofali mliloliokota. Chuma hakiogopi sifa za mtandaoni. Mimi nilitaka kusifiwa kabla ya kupima na nililipa kwa aibu.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye uani ule ule. Sembe kilo 25, mchele kilo 5, ubao ule ule. Ekseli ya mbele ikapanda, ya pili ikafuata, ya tatu ikafuata, na matairi yote yakabaki chini. Dereva mmoja mzee alichuchumaa, akalibonyeza kwa kiganja, akaliachia, akalibonyeza tena. Akasema, "Hili linapumua." Bosi alilipa pesa iliyobaki na hakutaja habari za mwaka jana, na mimi sikuzitaja.

Sasa wewe wa Mafinga. Vipimo vyangu havitakufaa, kwa sababu sijui mzigo wako. Lakini una bahati kuliko mimi, mzigo wako umekuzunguka. Gogo la mita 6 lenye kipenyo cha sentimita 30 ni kijiti cha sentimita 60 chenye kipenyo cha sentimita 3. Kata vijiti vya paini vibichi, idadi ileile inayopakiwa kwenye tela lako halisi, na uzito utakuja sahihi wenyewe kwa kuwa ni mti uleule. Vipime siku hiyohiyo kabla havijakauka, maana vikikauka vinapungua sana. Kisha nitumie jumla ya kilo na idadi ya ekseli, tupige hesabu ya pleti pamoja.