X-Trail: T30 au T31?

SWALI: Mhariri, nataka kununua Nissan X-Trail iliyotumika. Je, T30 (toleo la kwanza) ni imara kuliko T31 (toleo la pili)? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti kubwa imo kwenye giaboksi. T30, iliyotoka mwaka 2000, ina giaboksi ya otomatiki ya gia 4 ambayo ni vumilivu sana, ingawa injini yake ya QR20 inajulikana kwa kula oili. T31 ya mwaka 2007 ilileta injini ya MR20 pamoja na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayozungushwa kwa mkanda wa chuma, na ambayo huharibika upesi ikitiwa mafuta ya otomatiki ya kawaida. Mwombe fundi achomoe kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, tafadhali usinunue, hata ukipunguziwa bei.